Kilio cha Afisa wa Kigiriki

Nilihamia chumba cha nyuma kwa Mgiriki wa mwisho wa Bunia kwa sababu dirisha lake lilitazama ukuta. Wenzangu wa chama cha waandishi walinicheka. Walisema mwandishi hutafuta dirisha la kutazama vilima, au barabara, au hata kamba ya nguo ya jirani. Mimi nilitaka ukuta. Nilikuwa nimekulia nyuma ya duka la wazazi wangu, watu wa Butembo waliokuja Bunia na biashara ya vitenge, na tangu utotoni sikuwahi kumaliza wazo moja bila mtu kuniita nikamshushie mteja kitenge kilichotundikwa juu. Nilitaka ukimya ili niandike riwaya. Niliupata, mwingi kuliko niliouomba.

Mwenye nyumba alikuwa amepita miaka themanini. Alizaliwa Bunia, akabatizwa Bunia, akamzika mke wake Bunia. Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, kile cha sokoni. Babu yake alitoka Misri, akaufuata mto Nile kuelekea juu, akapita Sudani, akaingia nchini kwa njia ya Aru na marobota ya nguo na magunia ya chumvi. Zamani, aliniambia, Wagiriki walikuwa wengi mjini. Walikuwa na maduka, na mahali pao pa kucheza karata, na kelele zao. Kisha serikali ikachukua maduka ya wageni, kisha zikaja vita, moja nyuma ya nyingine, na kila mara wengine wakapanda ndege. Yeye alibaki. Sikumsikia akieleza kwa nini. Watu wa barabara yetu walimwita Muzee, au Mugiriki akiwa hasikii.

Siku niliyokwenda kuuliza chumba alinitazama miguuni, akaona viatu vyenye matope, akaonekana kuridhika.

"Kodi iko kidogo," alisema. "Lakini kila siku saa kumi utakunywa kahawa na miye. Ukikataa kahawa, utahama."

"Na kama niko na kazi?"

"Kazi gani? Si umesema weye iko muandishi?"

Aliichemsha kahawa mwenyewe katika kijungu kidogo cha shaba chenye mkono mrefu. Ilikuwa nyeusi, nzito, na mashapo yake yalibaki chini ya kikombe kama matope ya mto baada ya mafuriko. Tuliketi barazani tukitazama lango ambalo hakuna mtu aliyelisukuma. Siku nyingine hakusema lolote ila "Motari ule anaua moteri yake," pikipiki ikipita nje. Baada ya majuma machache nilielewa kwamba chumba kilikuwa kisingizio. Kilichopangishwa ni saa kumi.

Sebuleni, juu ya redio, kulikuwa na picha ya mzee mwenye masharubu meupe, amevaa sare ya kubana, vifungo mpaka kooni, mkono mmoja juu ya upanga. Macho yake hayakumtazama mpiga picha. Yalitazama pembeni, kama ya mtu anayesubiri kuambiwa anaweza kuondoka.

"Huyu ni afisa wa jeshi?" niliuliza.

"Babu ya babu yangu. Lakini pale alikuwa amekwisha kuzeeka. Usimuangalie pale." Alinishika mabega akanigeuza kuelekea barazani. "Kuja nikuelezee wakati alikuwa mutu."

Ndivyo nilivyompata mtu wa riwaya yangu, kikombe baada ya kikombe. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa mbuzi katika nchi ya milima, enzi ambazo Wagiriki walitawaliwa na Sultani. Ndevu zilipoanza kuota alipanda mlimani kwa wapiganaji. Walivaa sketi nyeupe zenye mikunjo mingi, ambazo hazikuwa nyeupe tena kwa mafuta ya mbuzi na moshi wa baruti. Walilala juu ya mawe. Walikuwa na bunduki ndefu kuliko wao wenyewe, na waliipa kila bunduki jina la mwanamke. Alikuwa na mwenzake mmoja, ndugu wa kuchanjiana damu. Walikatana mkono mbele ya mwali wa mshumaa, wakaapa kwamba atakayemgusa mmoja amewagusa wote wawili. Nchi ilipowaka moto wa mapinduzi, hao wawili walikuwa mbele.

Muzee alipofika hapo alisimama na kupiga shabaha kwa fimbo yake ya kutembelea. Mimi nilirudi chumbani kwangu, mbele ya ukuta wangu, nikaandika kama mtu anayefukuzwa.

Jumamosi moja niliisoma sura ya kwanza mbele ya chama chetu, katika darasa tulilokuwa tunaazimwa na shule moja ya mtaani. Mshairi wetu mkubwa, ambaye ukubwa wake alikuwa amejipa mwenyewe, alinisikiliza mpaka mwisho huku ameshika kidevu.

"Mugiriki!" alisema. "Iko hapa batu walikaa porini mpaka wakasahau kulala kwenye kitanda, na weye unaenda kutafuta mupiganaji Ugiriki?"

"Muache," mwingine akasema. "Mupiganaji wake anavaa jupe. Miye nataka kusikia juu ya ile jupe."

Waliicheka jupe, yaani ile sketi, nami nikacheka nao, kisha nikarudi nyumbani peke yangu nikipita kizuizi cha askari, karatasi zangu chini ya shati ili zisilowe mvua. Jibu nililikuwa nalo, ila sikuweza kulisema mbele yao. Mpiganaji wa Ugiriki ningeweza kumwandika kwa sababu hakuna aliyebaki wa kulia. Wale wa hapa mama zao wangali wanauza vitunguu kwenye barabara yetu.

Hadithi ya Muzee iligonga mwamba mahali pamoja. Kila tulipofika mwisho wa vita, mfalme kijana kutoka nchi nyingine akishuka melini na askari wake mwenyewe, Muzee aliweka kikombe chini.

"Vita imekwisha. Andika mwisho."

"Lakini ile picha, Muzee? Ile sare?"

"Picha iko ukutani. Haiko mu hadithi."

Nilijaribu kuubuni mwisho huo peke yangu. Nilimvika sare mara nyingi, na kila mara alisimama ndani yake kama nguo iliyoanikwa. Sikujua ni nini kilichomtoa mlimani, wala kwa nini macho yale yalitazama pembeni.

Kisha siku moja, kwa sauti ya mtu anayesema mvua inakuja, aliniambia binti yake atakuja kumchukua. Angempeleka Atene, kwenye nyumba ya ghorofa. "Kule kuko lifti," alisema. Alilitamka neno hilo kama jina la ugonjwa. Binti yake alikuwa ameondoka Bunia akiwa mdogo, na wajukuu hawakujua neno moja la Kiswahili. Kigiriki cha Muzee mwenyewe kilikuwa cha jikoni kwa mama yake, cha mtoto anayeomba mkate. Hadithi ya afisa yule aliibeba kwa Kiswahili, na huko aendako hakuna ambaye angeipokea.

"Ninataka kintu kimoja tu mbele ya kuenda," alisema. "Maisha yake isomwe hapa nyumbani, mu parsele, kwa sauti, batu basikie. Mara moja tu. Miye nikikufia mu lifti, nani atajua kama ule mutu aliishi?"

Kwao, mtu akikumbukwa, huchemshwa ngano, ikachanganywa na sukari na zabibu kavu, watu wakala kwa vijiko wakisema kumbukumbu yake idumu. Padri wa dhehebu lao alikuwa ameondoka mjini zamani. Ngano mama yake Muzee alikuwa ameibadilisha kwa mahindi, na zabibu kwa karanga. Watu watano wangetosha, alisema, sita na mimi. Ningesoma mpaka mwisho wa vita. Hapo nifunge karatasi.

Nilikubali. Ilikuwa imebaki kutafuta viti.

Kwenye barabara yetu viti vya plastiki na turubai kubwa la buluu ni mali ya akina mama. Walivinunua kwa michango yao, na vinakaa kwa jirani yetu wa ukuta wa kushoto, mama anayeuza unga wa muhogo na anayeongoza chama chao. Vinatoka kwa mambo mawili tu, ndoa na kilio cha msiba. Nilijua hivyo. Lakini Muzee alikuwa na viti vitatu, na yalikuwa majira ya mvua.

Nilimkuta akipima unga.

"Jambo, mama."

"Jambo, muandishi. Umekonda. Mugiriki anakukulisha kahawa tu?"

"Mama, Muzee anaomba viti kidogo, na turubai. Ya Jumamosi."

"Ya nini?"

"Ya babu yake. Tunataka kumukumbuka."

Aliweka kopo lake la kupimia juu ya gunia. "Alikufa?"

"Alikufa, ndiyo."

"Kule kwao?"

"Kule kwao."

"Ole, Muzee." Alifuta unga mikononi. "Na anabaki mule ndani vile, bila hata mutu wa kumushika mukono. Enda. Viti itakuja."

Kila neno nililomwambia lilikuwa kweli. Kwetu mtu akifia mbali, Kinshasa au Kampala au Ulaya, kilio kinaketiwa hapa, penye watu wake, bila maiti. Hakuna anayeuliza amekufa lini. Swali hilo wanaachiwa madaktari.

Jumamosi Muzee alichemsha mahindi tangu asubuhi, akajipigia shati pasi. Jua lilipokuwa katikati lango lilisukumwa. Akina mama waliingia na viti vichwani, wakafuatwa na wanaume na nguzo za mikaratusi, na kabla sijapata la kusema turubai la buluu lilikuwa limefungwa juu ya ua wote. Kisha wengine wakaja, na wengine, vitenge vimekazwa kiunoni, na wa kwanza aliyevuka kizingiti akainua sauti.

"Muzee eee! Babu ametuacha eee!"

Muzee alisimama barazani na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?" alininong'oneza.

"Babu yako."

"Ile iko siku mingi!"

"Hawakuuliza, Muzee."

Walimpangia mstari. Mmoja mmoja walimshika mkono kwa mikono miwili, wakamwambia pole, Papa, kifo iko mubaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa. Alizoea kuwaona watu hawa wakipita nje ya ukuta, na wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga ua ule. Mzee mmoja wa kona, fundi wa baiskeli, alipofika zamu yake aliuliza kwa heshima, "Alikuwa na miaka ngapi?"

Muzee ni mtu wa kusema ukweli. Alihesabu kimya, akasema, "Angekuwa bado hai, sasa ni kama mia mbili na kitu."

Vichwa vikageukiana chini ya turubai.

"Mia mbili!" ikasema sauti ya nyuma. "Bazungu banakulaka nini?"

Watu wakacheka, mikono midomoni, kwa sababu kilio ni kilio. Nilisimama. Nikawaeleza kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba mtu huyu alikufa kabla hata baba yake Muzee hajazaliwa, kwamba tulitaka kusoma maisha yake tu na kula mahindi. Niliona mikono ikitafuta migongo ya viti. Niliona namna ua utakavyokuwa baada ya dakika chache, na Muzee amesimama katikati yake na mwiko.

Mama wa viti hakusimama. Alinitazama mimi, akamtazama Muzee.

"Alipokufaka," alimwuliza, "batu balimuketia kilio?"

Muzee alitikisa kichwa. "Hapana. Hakuna mutu alikuja."

"Basi," mama akasema, akijipanga vizuri kitini, "siye tumekuja."

Na hakuna aliyeondoka.

Nilisoma. Sijawahi kutegewa sikio namna ile katika darasa la chama chetu. Walimcheka mchungaji aliyepitiwa na usingizi, mbuzi wake wakapanda paa la kanisa. Walinyamaza wapiganaji walipojificha pangoni. "Alivaa jupe?" aliuliza fundi wa baiskeli. "Jupe ya vita," nikamjibu, na akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepewa maelezo ya kutosha. Niliposoma walivyochanjiana damu, wazee wawili waligusa mikono yao wenyewe bila kujua. Kisha vita vikaisha, meli ya mfalme ikatia nanga, bunduki zikapigwa hewani kwa furaha, nami nikakunja karatasi. Muzee aliniitikia kwa macho.

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyejongea.

Kwetu maisha ya marehemu hayasomwi nusu. Msomaji anapaswa kusema aliishi vipi, aliugua nini, aliacha nani. Mwishoni mkubwa wa kilio anasimama na kuuliza kama kuna mtu ambaye marehemu alikosana naye, ili jambo litamkwe mbele ya watu na lisishuke kaburini. Mimi nililisahau hilo. Muzee hakulisahau. Nadhani ndiyo sababu alitaka watu watano tu, chini ya ulinzi wa maneno yangu.

Mama wa viti alisimama.

"Na kisha ya vita? Aliishi namna gani?"

"Mama, hadithi inaishia pale," nikasema.

"Inaishia pale juu ya nini? Mutu alikuwa bado muzima." Akamgeukia Muzee, na sauti yake ikawa laini. "Papa, siye hatumujui ule babu. Weye njo mutu wake. Alikosana na nani?"

Matone ya kwanza ya mvua yaligonga turubai. Muzee aliingia ndani. Nilidhani ametukimbia, na kwa muda nilisikia mvua tu, na watoto wa barabarani wakikimbilia chini ya paa. Kisha akatoka na ile picha, ameing'oa ukutani na msumari wake.

"Huyu njo yeye," alisema, akampa mama wa viti. "Miye nilisema huyu muandishi afunge pale. Lakini mutu alikuwa bado muzima, njo vile."

Aliwaeleza akiwa amesimama. Mfalme mgeni alikuja na maafisa wageni, na hao maafisa hawakutaka wanaume wa sketi na bunduki ndefu. Wapiganaji waliambiwa waweke silaha chini warudi nyumbani. Wengi hawakuwa na nyumba tena. Wachache walipewa sare, suruali za kubana na vyeo.

"Kumbe alifanya brassage!" ikasema ile sauti ya nyuma.

Kicheko kilipita, kile kicheko cha puani. Brassage ni neno ambalo hakuna mtu wa mkoa wetu wa Ituri anayehitaji kufasiriwa: kumtoa mtu porini, kumchanganya na waliokuwa adui zake, kumpa sare ya serikali, na kumwambia jana imekwisha.

"Njo ile kabisa," Muzee akasema. "Alifanya brassage. Wakamupa kapiteni."

"Na ndugu yake wa damu?" aliuliza fundi wa baiskeli.

"Alikataa. Alisema ile suruali inabana. Akarudi mulimani."

Sasa hakuna aliyecheka.

"Na mulimani kulikuwa njaa," Muzee akaendelea. "Bakaanza kuiba mbuzi, kisha kushika batu njiani. Serikali ikataka kumaliza ile maneno. Mulimani kule, serikali itatuma nani?" Aliwatazama, na wote walijua. "Balimutuma yeye. Yeye njo alijua njia."

Alijua pia chemchemi ambapo ndugu yake alipenda kunywa maji asubuhi. Alimngojea pale na askari wake. Ndugu alifika, akamwona, na hakukimbia. Pengine aliona uso tu, hakuiona sare. Walimkata kichwa katika soko la mji, siku ya soko. Kapiteni akapandishwa cheo.

Kuanzia hapo, Muzee alisema, kila alipoketi mezani penye watu, watu waliondoka. Waliondoka bila hasira, mmoja mmoja, kama waliokumbuka kazi waliyoiacha nyumbani. Akazeeka hivyo katika mji wa kambi, akala peke yake, akafa. Askari wakampigia tarumbeta. Kijijini kwake hakuna aliyekuja. Mtoto wake akapanda meli kwenda Misri ili asiulizwe baba yake ni nani.

"Batu banafikiri siye tulikuja hapa juu ya kahawa na nguo," alisema. "Tulikuja juu ya ile. Na ule mutoto, alikuwa amemupa jina ya ndugu yake. Ile jina inatembea kwetu mpaka leo. Miye njo niko nayo."

"Ndoyi yake," mtu akasema polepole. Ni neno letu la wawili wenye jina moja, na jina moja kwetu ni undugu.

Picha ilikuwa bado mikononi mwa mama wa viti. Watu wote chini ya turubai walitazama chini, na mimi nilitazama chini pamoja nao, kwa sababu kuna jambo ambalo barabara yetu nzima inalijua na hakuna anayelisema mbele ya mama huyo. Mtoto wake wa kwanza aliingia porini akiwa hajamaliza shule. Alitoka, akapokea sare, sasa ni afisa. Walimtuma upande wa Iga Barrière na kuendelea, sehemu anazozijua mti kwa mti, kuwasaka vijana aliokula nao porini. Akija kumsalimia mama yake gari la jeshi hukaa langoni, na barabara yetu inakauka watu. Mama, anayebeba viti vya vilio vyetu vyote, siku hizo anapika chungu kizima, na sahani zinarudi kabatini safi.

"Papa," alisema, "huyu afisa, mama yake alikuwa bado muzima?"

Muzee aliitazama ile picha.

"Sijui. Hakuna mutu alituambiaka."

"Munajua bunduki yake. Munajua jupe yake. Munajua maji gani ndugu yake alikunywaka." Hakuwa amekasirika. Alipangusa kioo cha picha kwa ncha ya kitenge. "Mama yake hamumujui."

"Hatumujui," Muzee akakubali.

"Basi leo tunalia yeye pia."

Akaanzisha wimbo wa kanisani, na wengine wakaupokea, hata wale waliokuwa hawajampa mama huyo mkono tangu mwaka uliopita. Mvua ilikuwa kubwa sasa na turubai lilijaa tumbo. Wanaume wawili walilisukuma kwa nguzo ili maji yamwagike. Muzee aligawa mahindi kwa mikono yake. "Iko mahindi na karanga tu," nilimsikia yule wa nyuma akimwambia mwenzake, "lakini bameweka sukari."

Binti yake alikuja baada ya majuma mawili, mwanamke mpole mwenye haraka, aliyenishukuru kwa Kifaransa na kuuliza kama kodi yangu imelipwa. Kwenye uwanja wa ndege Muzee alikuwa na begi moja na kofia. Nilidhani atasema neno kubwa. Alinisogelea sikioni.

"Ile suruali," alisema. "Andika na ile suruali."

Nilimtazama akivuka lami kuelekea ndege ndogo, binti amemshika kiwiko, naye akijaribu kukiondoa kiwiko. Hakugeuka. Sijui kama angeweza kugeuka na asirudi.

Nyumba imepangishwa sasa kwa wasafirishaji wa mizigo, ambao huja na kuondoka na hawajui jina langu. Chumba changu ningali nacho. Saa kumi ikifika mikono yangu inaacha kuandika yenyewe. Mara moja nilijaribu kuchemsha kahawa katika sufuria, ikatoka nyepesi, nikaimwaga. Nusu ya pili ya riwaya naiandika polepole mno, sentensi kwa siku, siku nyingine hata hiyo hakuna. Kwenye chama siendi sana. Mshairi wetu mkubwa aliuliza kama Mugiriki wangu amekwisha kuvua jupe. Nilimjibu ndiyo, na sikueleza.

Jumapili moja, nikiwa nimeukodolea macho ukuta, sauti ya mama wa viti ilikuja kutoka upande wa pili wake.

"Muandishi! Kuja kula. Mutoto yangu iko."

Nilitoka. Gari la jeshi lilikuwa langoni kwake, dereva amelala ndani. Barabara ilikuwa tupu mpaka kona, hata fundi wa baiskeli alikuwa amefunga. Nilisimama kidogo pale katikati, nikijua kwamba nyuma ya kila pazia kuna jicho, kisha nikaingia.

Afisa alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, amevaa fulana, mgongo ukutani, uso mlangoni. Angekuwa amenizidi miaka michache tu. Tulinawa mikono. Mama aliweka bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani, akaketi kwenye kigoda kando yetu bila kula.

"Mama ananiambia ulisoma maisha ya Mugiriki mumoja," alisema.

"Nilisoma nusu. Nusu ingine aliisema Muzee."

"Alimaliza namna gani, ule mutu?"

"Alikufa kule kwenye kambi. Peke yake."

"Hakurudi kwao? Hata siku moja?"

"Familia yake haikumbuki."

Alifinyanga tonge kwa vidole, muda mrefu, bila kulichovya.

"Labda alirudi," alisema. "Labda alirudi, na hakuna mutu aliandika."

"Labda."

"Basi andika alirudi."

"Siwezi kuandika kitu sijui."

Alinicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, na kilimrudisha kwa nukta moja kuwa kijana wa barabara yetu. "Unaandika bapiganaji ya Ugiriki, batu balikufaka zamani, haukuonaka hata mumoja. Halafu unaogopa kuandika mutu mumoja tu alienda kusalimia mama yake?"

Nikamtazama mama, lakini yeye alikuwa anamtazama mtoto wake, sahani yake ilivyojaa, tonge lake likingali mkononi.

"Muache ale," alisema, na sikujua ni nani kati yetu aliyekuwa anaambiwa. Aliniongezea sombe bila kuniuliza. Nje, barabarani, hakuna aliyepita.